Kompyuta ya steshenari imegoma kuwaka, inasema haiwezi kumaunti root. Fundi anataka kuifomati, naombeni msaada

#1 MamaSteshenari_Kaloleni

Habari zenu wakuu. Nina steshenari hapa Kaloleni, Arusha, na mashine ninayoitegemea ni dekstopu moja ya mtumba yenye Ubuntu 22.04, ile Linux badala ya Windows. Kijana wa dada yangu ndiye aliyeniwekea, na tangu hapo virusi vya flashi za wateja nimevisahau kabisa. Jana jioni ilikuwa inajiapdeti, umeme ukakatika katikati. Leo asubuhi nawasha, mistari myeupe inashuka mbio halafu inasimama. Mstari wa chini nimeupiga picha, unasomeka hivi:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Hapo taa za kibodi zinaanza kupepesa na haipokei kitufe chochote. Kibodi yenyewe ni ile ya zamani yenye plagi ya duara ya zambarau. Nimemwita fundi wa jirani, kaangalia skrini kidogo tu, akasema hadi diski imekufa, ninunue nyingine aweke Windows. Humo ndani kuna mitihani ya moko nimeshaichapa yote, bado kuprinti, na walimu wanaifuata keshokutwa. Je, ni kweli diski imekufa? Na kama haijafa, nifanye nini mimi ninayejua kuchapa tu?

#2 Chalii_wa_Sakina

Pole sana mama. Fundi wako yuko sahihi, hiyo ni diski. Shuka Mnara wa Saa, fuata Sokoine, SSD zipo kwenye maduka mengi. Hata ikiwaka leo, kesho italala tena.

#3 Fundi_Mianzini

Mama, usimruhusu mtu yeyote afomati. Chalii, soma mstari kwanza kabla hujampeleka mtu dukani.

Hizo namba mbili za mwisho ndizo za kuangalia. Keneli, yaani kiini cha mfumo, inakitaja kifaa kwa namba: ya kwanza ni aina ya kifaa, ya pili inaelekea kwenye patisheni, yaani kipande cha diski. Diski za SATA ziko kwenye 8, kwa hiyo patisheni ya pili ya diski ya kwanza ingekuwa (8,2). Za NVMe utaona 259. Ukiona (0,0), ujue keneli haijapata kifaa chochote cha kujaribu. Haijafika hata pale pa kuuliza kama mafaili ni mazima au mabovu.

Kwa nini haijapata? Kwenye Ubuntu keneli haiwaki peke yake. GRUB, programu ndogo inayoanza kabla ya mfumo, inapakia vitu viwili kwenye RAM: keneli, na faili la initrd.img, ndilo tunaloliita initramfs. Humo ndimo zilimo draiva za diski na skripti za kuitafuta root, yaani patisheni yenye mfumo wenyewe, kwa UUID yake, ile namba yake ya utambulisho. Keneli ikiachwa peke yake haiwezi kutafuta UUID ya mfumo wa mafaili. Inaelewa PARTUUID na majina kama /dev/sda2, basi. Sasa wewe umeme umekukatikia keneli mpya imeshawekwa lakini initrd yake haijamalizika kutengenezwa. Matokeo yake ndiyo panic hiyo.

Fanya hivi: washa, na mara tu nembo ya mashine ikitoka, shikilia Shift. Itakuja menyu ya GRUB. Ingia "Advanced options for Ubuntu", chagua keneli ya zamani, ile isiyo na neno recovery, halafu piga Enter. Ikiwaka, hela ya diski weka mfukoni.

#4 BintiRau_Moshi

Naungana na Fundi, ila mama, tupatie picha ya skrini yote. Juu ya mstari wa panic huwa pana maneno "Cannot open root device", na chini yake "here are the available partitions". Kama chini ya hapo hakuna kitu, keneli haikuona diski kabisa. Kama sda1 na sda2 zimeorodheshwa, basi diski imeonekana na tatizo ni jina tu inalotafutiwa. Hayo ni magonjwa mawili na dawa zake hazifanani.

#5 Mzee_Ngarenaro

Vijana mnazunguka sana. Mashine imezimika ghafla ikiwa inaandika, mfumo wa mafaili umeharibika, inatakiwa fsck, programu ya kuukagua na kuurekebisha. Nimeshika hizi kazi tangu enzi za disketi, na kila umeme ukikatika ndicho kinachotokea. Mama, mwambie kijana aje na flashi ya Ubuntu, awashe kwa flashi, aendeshe fsck -y kwenye patisheni ya root. Itawaka.

#6 Fundi_Mianzini

> Mzee_Ngarenaro alisema: mfumo wa mafaili umeharibika, inatakiwa fsck

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu sana, lakini hapa naomba tutofautiane. ext4, mfumo wa mafaili wa Ubuntu, ina jono, yaani daftari la mabadiliko yanayoandikwa, na kukatika umeme ndicho kitu hasa jono iliwekewa. Mashine ikiwaka tena inarudia yale yaliyokuwa hayajakamilika na kuendelea. Pili, kama root ingekuwa imeharibika lakini initramfs ipo, asingeona panic ya VFS. Angeangukia kwenye ile skrini nyeusi ya BusyBox yenye kidokezo cha initramfs, ikimwambia aendeshe fsck kwa mkono. Panic ya VFS yenye (0,0) ni hatua ya kabla ya hapo.

#7 Mwl_Tengeru

Mama, kabla ya yote, ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Ubuntu haijaanza, utazame tarehe. Nafundisha kompyuta, na maabara yetu imejaa mashine za mtumba kama yako. Ile betri ya duara, CR2032, ikifa, kila umeme ukikatika BIOS inasahau mipangilio yote na kurudi ya kiwandani. Mojawapo ni namna diski inavyosomwa: AHCI, IDE au RAID. Linux uliiweka ikiwa AHCI, umeme umekatika, BIOS imerudi IDE, na initramfs haina draiva ya IDE. Diski nzima haionekani. Nimerudisha AHCI kwenye mashine kadhaa zikawaka palepale bila kugusa kitu kingine.

#8 Pasua_Boy

Mwalimu, hiyo inategemea. Ubuntu kwa kawaida inatengeneza initramfs ikiwa na MODULES=most, yaani inabeba karibu draiva zote za diski. Labda aliyeiweka alibadilisha iwe dep, inayobeba za mashine ile tu. Hilo ninalijua kwa sababu nilihamisha diski ya namna hiyo kutoka mashine moja hadi nyingine hapa Pasua, ikagoma hadi nilipoitengenezea initramfs upya.

#9 Chalii_wa_Sakina

Watu wa Moshi mkianza hamna breki 😂 Mama ana mitihani, nyie mnataja draiva.

#10 BintiRau_Moshi

Chalii, wewe umempeleka dukani kwenye post ya pili, tulia kidogo.

#11 MamaSteshenari_Kaloleni

Asanteni sana wote. Nimefanya alivyosema Fundi. Shift ilinisumbua kidogo, menyu ikaja, nikachagua keneli ya chini. Panic haikutokea! Ila haikuwaka pia. Ilikaa kimya kwa muda, kisha ikaandika:

Gave up waiting for root file system device.

Ikataja mambo ya rootdelay na /proc/modules, na mwisho:

ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!

Sasa imesimama pale ilipoandika initramfs, kijistari kinapepesa. Na Mwalimu, tarehe ya BIOS inaonyesha Januari 2012. Picha ya skrini yote ya mara ya kwanza nayo nimeiangalia tena, chini ya "available partitions" hakuna kitu.

#12 Mwl_Tengeru

Januari 2012. Betri imekufa. Mama, tafuta kwenye BIOS sehemu ya SATA, utuambie imeandikwa nini.

#13 Mzee_Ngarenaro

Initramfs hiyo hapo imekuja, na bado haiwaki. Nilisema.

#14 Fundi_Mianzini

Mzee, tulia tusome. Keneli ya zamani imepata initrd yake, kwa hiyo ile ya panic kweli ilikosa ya kwake. Sasa limejitokeza la pili: initramfs ipo, imesubiri diski yenye ile UUID, haikuiona. Na fsck haiwezi kusaidia diski isiyoonekana.

Lakini wakuu, tujiulize hili. Hiyo menyu ya GRUB, keneli na initrd vimesomwa kutoka wapi kama si kwenye diski hiyohiyo? Diski iliyokufa haileti menyu. Kwa hiyo BIOS inaisoma, Linux haiioni. Tatizo liko katikati ya hizo mbili.

#15 BintiRau_Moshi

Swali zuri sana hilo. Mama, hapo kwenye initramfs andika hizi moja moja, kila moja na Enter, na upige picha kinachotoka:

blkid
cat /proc/cmdline
cat /proc/partitions
dmesg | grep ata

Usiogope, hakuna hata moja inayoandika kitu kwenye diski. Zinasoma tu.

#16 Pasua_Boy

Na jibu hili pia: kuna mtu alibadilisha diski, au kuikopi kwenda nyingine? Ukikopi diski nzima UUID inabaki ileile, lakini ukiunda mfumo wa mafaili upya na kunakili mafaili tu, UUID inakuwa mpya, na GRUB inaendelea kutafuta ya zamani hadi uendeshe update-grub. Na kama kwenye cmdline, yaani maagizo GRUB iliyoipa keneli, kumeandikwa root=/dev/sda2 badala ya UUID, flashi ikiwa imechomekwa inaweza kuchukua jina la sda na diski ikasogea kuwa sdb. Hilo lilimkuta jamaa yangu wa Majengo, tukahangaika usiku mzima, kumbe ni flashi ya wimbo wa harusi imesahaulika nyuma ya boksi.

#17 MamaSteshenari_Kaloleni

Hakuna flashi, na diski ni ileile tangu mwanzo. Ila wiki iliyopita fundi aliifungua akapuliza vumbi, sijui kama ni muhimu.

Majibu: blkid haikutoa kitu. cmdline ina root=UUID. partitions ina sr0 peke yake. dmesg imetoa mistari mingi, hii ndiyo inayojirudia:

ata1: COMRESET failed (errno=-16)

Na mwingine: ata2: SATA link up 1.5 Gbps. Kwenye BIOS, SATA imeandikwa AHCI.

#18 BintiRau_Moshi

Aliifungua wiki iliyopita! Mama, hilo ndilo jambo muhimu kuliko yote uliyotuambia.

sr0 ni DVD yako, ndiyo hiyo ata2. Inaonekana, kwa hiyo draiva ya SATA ipo na inafanya kazi. Kwa hilo nadharia ya Mwalimu ya draiva kukosekana sioni ikisimama, na AHCI yenyewe iko mahali pake. ata1 ndiyo diski. Linux inajaribu kuianzisha upya mawasiliano, diski haijibu. Kwangu hiyo ni kebo: imelegea wakati wa kupuliza vumbi au imeharibika.

Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ushikilie kidogo ili chaji iishe. Fungua boksi. Utaona kebo mbili nyembamba bapa, moja ya diski na moja ya DVD. Zibadilishane: ya DVD ipeleke kwenye diski, na DVD iache bila kebo. Huna haja ya kununua kitu.

#19 Mwl_Tengeru

Dada yangu, nakubali sr0 inatia shaka, lakini zipo mashine za zamani ambazo DVD iko kwenye kidhibiti tofauti kabisa, ile ya kebo pana ya utepe. Na AHCI kuandikwa leo hakumaanishi ndivyo ilivyowekwa siku Ubuntu inaingia. Labda iliwekwa kwenye IDE, na kiwandani ndiyo AHCI. Mama atuambie kebo ya DVD ni ya aina gani.

#20 MamaSteshenari_Kaloleni

Zote mbili nyembamba, nyekundu.

#21 Mzee_Ngarenaro

Binti, jibu hili basi. Kama ni kebo, mbona BIOS inasoma menyu kupitia kebo hiyohiyo?

#22 BintiRau_Moshi

Kebo ikiwa katikati ya uzima na ubovu inaweza kupitisha BIOS ikasoma megabaiti chache za GRUB na keneli. Linux ikifika inaanzisha upya mawasiliano yote na kutaka kasi kamili. Ndiyo maana kuna hata chaguo la keneli la kuilazimisha kasi ndogo, libata.force=3.0. Nimeona mashine ikiwaka kwa kasi ndogo na kugoma kwa kasi kubwa.

#23 Fundi_Mianzini

Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. BIOS nayo inakubaliana kasi na diski mwanzoni, haisomi kwa kasi ya kobe. Kwangu diski inayochoka inaendana zaidi na dalili hizi: mwanzoni inajibu, ikianzishwa upya inachelewa kuamka. Ndiyo maana ujumbe ule wa Ubuntu unataja rootdelay, kuna diski zinazohitaji kusubiriwa. Na Julai hii Arusha asubuhi mashine ni barafu. Ila kubadilisha kebo ni bure, afanye.

#24 Chalii_wa_Sakina

Fundi sasa umerudi kwenye diski yangu ya post ya pili. Karibu nyumbani.

#25 NjiroNet

Nimekuwa nafuatilia kimya, lakini hapa lazima niseme, tena kwa msisitizo. Mama, diski ikionekana, kitu cha KWANZA ni kunakili mitihani. Si fsck, si apdeti. Mzee kashauri fsck -y. Ile y inajibu ndiyo kwa kila swali, na kwenye diski yenye sekta mbovu inaweza kukata vipande vya mafaili na kuvitupa lost+found bila majina. Mtihani wako unaweza kuwa humo ukiwa na namba badala ya jina. Nina mteja wa Usa River aliyepoteza picha za familia kwa njia hiyo kabla hajaniletea mashine. Kama diski inatiliwa shaka, unaikopi nzima kwa ddrescue kwenda diski nyingine, na matengenezo yote unayafanya kwenye nakala.

#26 Mzee_Ngarenaro

Hilo la kunakili kwanza sina ubishi nalo. Lakini fsck bila -y kwa mtu asiyejua ni maswali mia, atajibu nini?

#27 NjiroNet

Atumie fsck -n, mzee wangu. Inaonyesha makosa yote na haiandiki kitu. Ukishayaona ndipo uamue.

#28 Kiboriloni_Umwagiliaji

Samahani kwa kuingilia. Yangu inasema unknown-block(179,2). Ni Raspberry Pi inayofungua valvu za maji ya bustani ya nyanya. Na mimi ni kebo?

#29 Pasua_Boy

Mkuu ungefungua uzi wako, ila kwa ufupi: 179 ni kadi ya SD, na 2 ni patisheni ya pili ambayo ndiyo root. Keneli imeiona kadi, imeshindwa kuisoma. Itoe, iweke kwenye kompyuta yenye Linux, ikopi, kisha fsck. Mara nyingi kadi yenyewe inakuwa imechoka, hasa kama Pi inazimwa kwa kuchomoa waya.

#30 Kiboriloni_Umwagiliaji

Inazimwa kwa kuchomoa, ndiyo. Ahsante, naenda kuitoa.

#31 MamaSteshenari_Kaloleni

WAKUU IMEWAKA. Nimeweka kebo ya DVD kwenye diski, nikachagua tena keneli ya zamani. Ikaandika "recovering journal", ikasema kitu kuhusu muda wa mwisho wa kumaunti kuwa mbele ya leo, ikaendelea hadi kwenye desktop yangu. Kabla ya kugusa chochote nimenakili mitihani yote kwenye flashi mbili, na moja nimempa jirani anihifadhie. Sasa hivi naprinti. Mungu awabariki sana, sikutegemea.

#32 Mzee_Ngarenaro

"Recovering journal". Mnaona wenyewe, umeme uliacha mambo nusu.

#33 Mwl_Tengeru

Hongera sana mama! Na huo muda wa "mbele ya leo" ni saa ya BIOS. Mashine inajiona iko 2012, na diski inakumbuka iliwashwa mwisho miaka mingi baadaye. Nunua CR2032, bei yake haifiki hata ya nusu kilo ya nyama, na uirekebishe tarehe. Hata kama sio iliyozuia leo, siku moja itakuzuia.

#34 BintiRau_Moshi

Safi sana. Kebo.

#35 Fundi_Mianzini

Hongera mama. Kabla ya kusherehekea, ile keneli mpya bado haina initrd, ukiwasha bila menyu utarudi kwenye panic. Ukimaliza kuprinti fungua terminal, uandike:

ls -lh /boot
df -h /boot

Utuletee picha. Natafuta faili linaloishia na .new.

#36 MamaSteshenari_Kaloleni

Lipo! Kuna initrd.img ya keneli mpya inaishia .new. Na df inasema /boot imejaa asilimia 98.

#37 Fundi_Mianzini

Huo ndio ushahidi. update-initramfs inaandika kwanza kwenye faili la .new, na ikimaliza salama ndipo inalibadilisha jina. Ikishindwa yenyewe, kwa mfano nafasi kuisha, huwa inalifuta. Lililobaki limekatishwa katikati, yaani ni umeme. Lifute hilo la .new kwa sudo rm, kwa uangalifu, hilo moja tu. Kisha sudo dpkg --configure -a, halafu sudo update-grub.

#38 Pasua_Boy

Fundi, asilimia 98 nayo ni ushahidi. Patisheni ya /boot ya nusu gigabaiti ndio ugonjwa wa mashine nyingi zilizowekwa zamani: kila apdeti inaongeza keneli, za zamani hazitolewi, siku inajaa, initrd inakosa pa kukaa. Umeme ungekaa sawa, bado ingegoma. Mama, baada ya kulifuta .new angalia df tena, na ukishamaliza uangalie mara ya tatu.

#39 MamaSteshenari_Kaloleni

Nimelifuta, ikashuka 80. Nimeendesha dpkg, haikulalamika. Sasa inasoma 99. Nimezima na kuwasha bila menyu, imewaka kwenye keneli mpya.

#40 Pasua_Boy

99! Imepita kwenye tundu la sindano. Apdeti ijayo ndiyo panic. Endesha sudo apt autoremove --purge, itatoa keneli za zamani na kubakiza unayotumia na moja ya akiba.

#41 Fundi_Mianzini

Imepita lakini, ndugu yangu. Nafasi ilitosha. Ila autoremove ni ushauri mzuri, mama aifanye.

#42 NjiroNet

Mama, fungua programu ya Disks iliyomo humohumo Ubuntu, chagua diski, upande wa juu kuna menyu ya "SMART Data", ripoti ya afya ya diski. Tuambie mistari mitatu: Reallocated, Current Pending, na UDMA CRC. Nataka kujua kama hii diski ni ya kuaminiwa na mitihani ya muhula ujao.

#43 Chalii_wa_Sakina

Wakati tunasubiri, mama, UPS vipi? Hata ile ndogo ya kukupa dakika tano za kuzima vizuri. Ungekuwa nayo juzi uzi huu usingekuwepo.

#44 Mzee_Ngarenaro

Chalii leo umenena. Lakini anunue yenye betri mpya. UPS za mtumba unapewa boksi na king'ora tu.

#45 MamaSteshenari_Kaloleni

UPS nimeshaanza kuulizia, ahsanteni. SMART hii hapa: Reallocated 0. Current Pending 8. UDMA CRC inazidi elfu moja.

#46 BintiRau_Moshi

CRC inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi. Haihusiani na sahani za diski. Zaidi ya elfu moja ni kebo au viunganishi, na kwa mtazamo wangu hapo hakuna cha kubishania.

#47 Chalii_wa_Sakina

Na Pending 8? Hizo ni sekta diski imeshindwa kuzisoma. Diski!

#48 NjiroNet

Nane kwa pamoja mara nyingi ni sekta moja halisi ya baiti 4096, inahesabiwa kwa vipande nane vya 512. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, sekta hiyo inaweza kubaki haisomeki hadi iandikwe upya. Ikishaandikwa, Pending inarudi 0 na Reallocated inabaki 0. Ikipanda wiki ijayo, badilisha diski. Hesabu ya CRC yenyewe hairudi nyuma, kwa hiyo andika namba kamili kwenye daftari, uone kama inaongezeka.

#49 Fundi_Mianzini

Binti, kuna jaribio rahisi. Ile kebo unayoishuku aiweke kwenye DVD. Kama ni mbovu, DVD nayo itasumbua.

#50 MamaSteshenari_Kaloleni

Nimejaribu mchana huu, duka lilikuwa limepoa. DVD inasoma vizuri na kebo ile ya zamani, nimekopi sidii nzima ya picha. Namba ya CRC ya diski haijaongezeka.

#51 Fundi_Mianzini

Kebo nzima hiyo.

#52 BintiRau_Moshi

DVD inatembea 1.5 Gbps, mwenyewe umeiona kwenye dmesg. Diski inataka kasi mara kadhaa ya hiyo. Kebo kupita kwenye DVD haisemi kitu, ila CRC kusimama baada ya kuibadilisha inasema.

#53 Mwl_Tengeru

Au kitendo cha kuchomoa na kuchomeka kimesafisha viunganishi. Vumbi la kiangazi la huku linaingia kila mahali, na kupuliza kunaweza kulisukumia ndani.

#54 Fundi_Mianzini

Basi kabla hujafunga boksi mama, angalia kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiuliza. Waya wa umeme unaoingia kwenye diski, si ile kebo nyekundu, ule mwingine wa rangi rangi. Unatoka moja kwa moja kwenye pawasaplai, au una kipande cha kuunganishia katikati, plagi kubwa nyeupe ya pini nne? Diski ikikosa umeme kwa nukta moja tu inapoamka, utapata COMRESET hiyohiyo.

#55 MamaSteshenari_Kaloleni

Una kipande. Plagi nyeupe ya pini nne, na upande mmoja imekuwa ya kahawia kidogo. Napiga picha sasa hivi.